Shati Jeupe la Barabara ya Kilosa

Karakana ya Fundi Lupakisyo, pale Mikumi, ilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Gari jipya likikamilika, aliyeziba mianya yake anavalishwa shati jeupe na kukalishwa kiti cha nyuma kabisa. Milango na vioo vinafungwa, kisha Lupakisyo mwenyewe anashika usukani mpaka Kilosa na kurudi, akipita kwa makusudi kila kipande ambacho lami haijafika. Wakirudi, shati linakaguliwa mbele ya mafundi wote. Likiwa jeupe, linatundikwa ukutani na gari linakabidhiwa kwa mwenyewe. Likiwa jekundu kwa vumbi, gari linaingizwa tena ndani, na aliyelivaa anatafuta pa kuuficha uso wake.

Ukutani palikuwa na misumari mingi na mashati mawili tu.

Msidhani mafundi wale walikuwa wabovu. Gari liliingia kwao likiwa kichwa na chesisi tupu, likatoka na bodi ndefu, madirisha mapana, na paa la kuinuka ili mtalii asimame amtazame simba kwa raha zake. Milango yao ilifunga kwa sauti ya kushiba. Tatizo lilikuwa vumbi. Vumbi la huku ni laini kama unga na halina adabu. Ukiliacha na upenyo wa sindano, linaingia na ukoo wake mzima.

Kishiwa alifika karakana hiyo kwa mafunzo ya vitendo, yale ambayo wanafunzi wenyewe wanayaita fildi. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja cha Mbeya, binti mrefu, mkimya, na mkaidi kwa namna ya watu wakimya. Siku ya kwanza Beda, fundi bodi mkuu, alimuuliza kama alikuja kusaidia ofisini. Kishiwa akajibu kwamba ofisini hakuna mashine ya kuchomelea. Tangu hapo Beda akawa anamtania mchana kutwa, na kati ya utani mmoja na mwingine akamfundisha kukunja bati, kunyoosha mlango, na kusikiliza bawaba kabla haijaanza kulia.

Lakini kila Beda alipoziba vumbi, Kishiwa alisimama pembeni amekunja uso. Mwishowe akasema. Akawaeleza kwamba wanahangaika na matundu bure, kwa sababu vumbi halisukumwi kuingia ndani ya gari, linavutwa. Gari likikimbia linaacha nafasi nyuma yake, hewa inajikunja kuijaza, na vumbi linakuja nayo mpaka kwenye mlango wa nyuma. Ndani nako hewa ni pungufu, basi linanyonywa. Chuoni walimwonyesha jambo hilo kwa hesabu, ila yeye alikuwa amekwisha kulijua kwa macho yake. Wadogo zake wa kiume walipokuwa bado watoto, yeye ndiye aliyetembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake huko Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha njiani kati ya Mikumi na Kilosa, na anayetembea nyuma ya kundi ndiye anayekula vumbi. Alikuwa ameliona maelfu ya mara likiinuka, likijikunja, na kumrudia usoni.

Dawa yake ilikuwa kutoboa paa kwa mbele, kuweka kisanduku chenye chujio na feni ndogo, ili hewa safi iingizwe kwa nguvu na ndani pajae kuliko nje. Hapo hata penye upenyo, hewa itatoka badala ya vumbi kuingia.

Karakana nzima ilicheka. Beda aliwatangazia wenzake kwamba sasa elimu imefika mahali pa kutoboa nyumba ili mvua isiingie. Lupakisyo hakucheka. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mfupi, mwenye maneno ya kuhesabika, na alikuwa amechoshwa na misumari mitupu. Akamruhusu Kishiwa mara moja tu, kwenye gari lililokuwa linamaliziwa. Mteja wa gari lile alikuwa anakuja kulichukua siku moja baada ya majaribio, na fildi ya Kishiwa ilikuwa inaisha wiki hiyohiyo. Shati likirudi jeupe, gari litaondoka na kisanduku chake na yote yatakayofuata yatakuwa nacho. Likirudi jekundu, tundu litapigwa kiraka usiku huohuo, na kiraka hicho ndicho kitakachobaki cha kumkumbukia.

Asubuhi ya majaribio, Lupakisyo alipomkabidhi shati, Kishiwa alilishika akamkumbuka baba yake. Mzee Laurent hakuwahi kwenda mnadani bila shati jeupe. Aliamini kwamba mchuuzi wa ng'ombe akikukuta na shati chafu anajua una shida, na akijua una shida amekwisha kukumaliza. Kwa hiyo njiani alijifunga shuka zito juu ya shati lake, akifika ukingoni mwa mnada anajifungua, na anaingia akiwa anang'aa kama anayekwenda kusimamia ndoa. Watoto wake walikuwa wakimcheka kwa siri.

Wakaondoka. Kishiwa nyuma, Lupakisyo mbele, na kando yake Beda, ambaye alisema amekuja kushuhudia maajabu. Kabla ya kuwasha gari Lupakisyo alitoa sharti lake la kawaida: hakuna mlango wala kioo kitakachofunguliwa mpaka warudi. Atakayefungua, majaribio yamekwisha na ameshindwa.

Gari lilikimbia vizuri. Nyuma yao vumbi lilisimama hata barabara isionekane, na lori lilipowapita, kwa muda hata mbele hawakuona kitu. Kishiwa aliinamisha kichwa akatazama mikono ya shati. Nyeupe. Upepo mwembamba kutoka kwenye kisanduku ulimpuliza kisogoni, na moyoni akajisikia raha ambayo hakutaka kuionyesha mapema. Beda alipitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama, kilikuwa safi, akakifuta kwenye suruali hata hivyo.

Walipofika Ulaya, wakasimama. Ilikuwa siku ya mnada, na kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara taratibu, kama ilivyo tabia ya ng'ombe wanaojua wana haki. Nyuma ya kundi walikuwapo wazee watatu na fimbo zao. Wa katikati alikuwa Mzee Laurent, shuka limemfunika mpaka shingoni.

Aligeuka, akamwona binti yake nyuma ya kioo.

Hapa inabidi jambo moja lieleweke. Mzee Laurent alihamia Ulaya na mifugo yake kutoka Shinyanga, Kishiwa akiwa bado anabebwa mgongoni, na alihama na desturi zake zote. Kwao binti hamsalimu mzazi wake kwa kupunga mkono. Anapiga magoti, chini, popote alipo. Na siku Mzee Laurent alipokubali Kishiwa akasome mambo ya mashine, wazee hao hao wawili aliokuwa nao walimwonya mbele za watu kwamba atasomesha binti arudi na magoti yasiyokunjika. Mzee alikaa na neno hilo miaka mitatu. Sasa walisimama wote watatu kando ya barabara, hatua chache kutoka kwenye kioo, wakimtazama msomi aliyekaa juu ya kiti.

Lupakisyo alimwona Kishiwa kwenye kioo cha juu yake akishika kitasa. Akamwambia polepole, bila kugeuka, "Dada, ukifungua, basi."

Kishiwa alijua. Alifikiria kisanduku, kiraka, Beda na kicheko chake, na wiki zote alizolala na harufu ya chuma kichwani. Halafu akamwona baba yake anageuza uso kuelekea kwa ng'ombe, kama mtu ambaye hakutegemea kitu. Hilo hakuliweza. Mkataa kwao ni mtumwa, na yeye hakusoma ili awe mtumwa wa gari.

Akafungua mlango, akashuka, akapiga magoti katikati ya vumbi lililotifuliwa na kwato.

"Mwangaluka, baba."

Mzee aliitikia. Akamwekea mkono begani, mkono uliotoka kushika kamba ya ng'ombe, na alipouondoa vidole vyote vitano vilibaki juu ya shati, vyekundu. Kishiwa aliwasalimu na wale wazee wawili, palepale magotini, na wao wakaitikia wakitazama fimbo zao.

Lupakisyo naye alikuwa ameshuka. Alikuwa amekasirika, na kila mtu aliona. Lakini mzee ni mzee, basi kwanza akatoa shikamoo, akapokea marahaba yake, ndipo akamwambia Kishiwa kwamba wageuze wakapige kiraka. Beda, ambaye mtu angetegemea achekelee, alikuwa ameinama anatazama kiatu chake.

Mzee Laurent aliuliza kiraka cha nini. Kishiwa akamweleza yote, kisanduku, shati na sharti. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni lazima shati liwe la binti yake. Lupakisyo akajibu kwa heshima kwamba ndiyo desturi yao: shati huvaliwa na aliyeifanya kazi, ili vumbi la uzembe wake alile mwenyewe.

Mzee akamwonyesha Kishiwa kwa fimbo yake.

"Gari kalitengeneza huyu," akasema. "Na huyu katengenezwa na nani?"

Kisha akalifungua shuka lake. Chini yake shati lilikuwa jeupe pepepe, kola imenyooka, halina hata doa. Mmoja wa wale wazee aliguna. Lupakisyo alitazama lile shati, akamtazama mwenye shati, na mtu yule wa maneno ya kuhesabika akaanza kucheka hadi akashika mlango wa gari. Alipomaliza akamwambia Beda alete kitambaa chenye maji wafute ndani vizuri, kwa sababu kutoka hapo hadi Kilosa ndiko kwenye vumbi lenyewe.

Mzee Laurent aliwaachia wenzake ng'ombe na fimbo, akapanda. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, mgongo wima, mikono juu ya magoti, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kishiwa alikaa kando yake na alama za vidole vitano vya baba yake begani. Njia nzima mzee hakuegemea kitu. Waliingia kwenye makorongo, wakakutana na malori, wakafika Kilosa na kugeuza bila kushuka. Jua likawa kali juu ya bati. Mzee aliinua uso akauliza upepo huu wa baridi unatoka wapi, nao vioo vyote vimefungwa. Kishiwa akamwonyesha kisanduku. Mzee alikitazama muda mrefu, halafu akamuuliza kama ni yeye aliyelitoboa lile tundu, kwa mikono yake. Akajibu ndiye. Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kutazama mbele, na baada ya muda akauliza tena swali lilelile, ili tu alisikie jibu mara ya pili.

Mikumi mafundi wote walikuwa wamejipanga. Lupakisyo alimkagua mzee kama daktari: kola, mabega, mikunjo ya viwiko, mgongo. Akasimama kwapani, palipokuwa na alama nyeusi kidogo. Mafundi wakasogea, na Kishiwa akainama kuichungulia alama ile.

"Hili ni jasho," Lupakisyo akasema. "Jasho si vumbi."

Aliyekimbilia nyundo na msumari alikuwa Beda, ingawa ukutani misumari ilikuwa tele. Alipigilia mpya, katikati, juu kuliko yote, huku akiwaeleza wenzake kwamba yeye toka mwanzo alikuwa na imani na lile tundu. Hakuna aliyemkatalia, furaha ilikuwa kubwa mno. Kishiwa alisimama akilitazama gari, refu, jipya, nje limefunikwa na vumbi, ndani safi, na alijiona mkubwa. Hakuona haya kujiona hivyo.

Mzee Laurent alivua shati lake mwenyewe, akalikabidhi. Hawakuwa na kingine cha kumvisha isipokuwa ovaroli ya karakana, ya buluu, yenye grisi kifuani na jina la karakana mgongoni. Akaivaa akafunga vifungo vyote.

Lupakisyo aliwarudisha Ulaya kwa gari lilelile, na Kishiwa akampeleka baba yake mpaka ukingoni mwa mnada, uliokuwa unakaribia kuvunjika. Mchuuzi mmoja aliyemfahamu mzee siku nyingi alimwona akija na ovaroli ile chafu. Akaangalia grisi, akaangalia ng'ombe, akaanza kutabasamu kama mtu aliyeokota kitu. Akamkaribia, akamuuliza kwa sauti ya huruma kulikoni, na leo shati lake liko wapi.

Wale wazee wawili walikuwa hapohapo na walisikia. Mzee Laurent alijinyoosha ndani ya ovaroli yake, akageuka kidogo ili mgongo wake usomeke.

"Limebaki kazini," akasema, "kwa binti yangu."