Mkono Ulioshika Simu

Mtaani walimwita Mkasi, kwa jinsi alivyokata video za harusi za watu mpaka wajomba walevi wakatoweka kabisa. Programu yake ya kuhariri ilikuwa ya bure, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea asiowajua hata sura, lakini aliitetea kama mwanawe wa kumzaa. Ukiiponda mbele yake, umejitafutia balaa.

Kazi ya Jumamosi ile, hata hivyo, haikuwa ya kujitapa nayo. Dada yake mkubwa alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na shemeji alikuwa amemletea simu ya marehemu.

"Shemeji, nitafutie hata dakika mbili za mama watoto," alimwambia. "Huyu mdogo ameanza kumsahau. Jana kaniuliza mama alikuwaje."

Mkasi akazipitia video zote, thelathini na moja. Watoto wanaoga, watoto wanagombana, shemeji kasinzia kwenye kiti mdomo wazi. Dada hakuonekana hata katika moja, maana siku zote yeye ndiye aliyeshika simu. Roho ilimuuma Mkasi. Akaona basi angalau azisafishe. Mwaka wa mwisho maradhi yalimtetemesha dada mikono, na picha zilicheza vibaya. Akavipanga vipande, akaweka kichujio cha kutuliza picha, akaongeza na cha kuondoa kelele. Kompyuta ikahangaika nusu saa nzima. Picha ikatulia tuli, sauti za watoto zikasikika safi.

Shemeji alipokuja na binti yake wa miaka minne, Mkasi aliwasha video huku akijisifu kimoyomoyo. Shemeji akatazama mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa.

"Nzuri, shemeji. Ila ni kama karekodi mtu mwingine."

Jibu la ukali lilimfika Mkasi mdomoni, halafu akaelewa. Alikuwa amemfuta dada yake kwa mkono wake mwenyewe.

Heri programu ile haigusi faili la asili. Vichujio hukaa juu tu. Ukiondoa alama ya vema kwenye kila kimoja, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Akaondoa ya kwanza, akaondoa ya pili, akaanza video upya.

Picha ikatetemeka. Nyuma ya kelele za watoto ikasikika pumzi nzito, karibu kabisa, kisha kikohozi, kisha kicheko cha kujizuia. Shemeji akajifunika uso kwa viganja, akalia bila kuona haya.

"Baba, mbona inatingishika?" mtoto akauliza.

"Ni mama. Ndiye kashika simu. Hapo anakutazama wewe."

Mtoto akasogea mpaka karibu na kioo cha kompyuta, akalivuta gauni lake likae vizuri.

"Shikamoo, mama," akasema, akangoja.