Tutafika Laenda Kupimwa

Grégoire alikuwa na mke mmoja, binti mmoja na jipu moja kuukuu, na kama ungemuuliza anajivunia nini zaidi, angekuomba kwanza umwachie nafasi ya kufikiri. Jipu liliitwa Tutafika. Jina lilipakwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele, lakini watu wa Kasongo hawakuhitaji kulisoma, maana Tutafika lilisikika zamani kabla ya kuonekana.

Binti yake, Falonne, angeolewa Jumamosi huko Kabambare na Christophe, mwalimu wa shule ya msingi. Tangu mtoto angali mgongoni mwa mama yake, Grégoire alikuwa ameapa kwamba siku ya harusi binti atatoka nyumbani ndani ya Tutafika, si juu ya pikipiki huku gauni jeupe likirushiwa matope. Kiapo hicho alikitangaza kanisani, sokoni, na hata kwenye matanga ya watu. Mwaka huu, basi, kukawekwa kizuizi kwenye njia ya kutoka mjini: gari lisilo na karatasi ya kontrole, ya kuonyesha kwamba limepimwa, halipiti. Mpimaji alikuwa Mama Consolée, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyetoka Kindu na sifa yake mbele yake kwamba hana utani na chuma.

Asubuhi ya kupimwa, Grégoire alitoka nje akakuta maajabu. Mkewe, Emilienne, na dada yake Grégoire, Odile, walikuwa wameteka maji tangu alfajiri wakaliosha jipu lote, mpaka chini ya tumbo, wakisugua kwa magunzi ya mahindi. Matope ya miaka na miaka yalilala chini chunguchungu.

"Baba Falonne, gari haiwezi kufika mbele ya serikali na uchafu," alisema Emilienne, jasho likimtoka.

Grégoire alifurahi mno hata akasahau jambo ambalo dereva yeyote wa njia ile angelikumbuka usingizini. Tanki la mafuta lilikuwa limetobolewa na jiwe upande wa Wamaza, na tundu likazibwa kwa kipande cha sabuni, kama wafanyavyo wote huku. Sabuni haina habari na mazutu, yaani dizeli. Maji ndiyo adui yake.

Mama Consolée aliinama, akaingia chini ya jipu, kisha akatoka polepole. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelowa mazutu.

"Papa, gari yako inatoa povu."

"Iko safi, mama," alijibu Grégoire.

Mpimaji akaendelea na kazi. Honi ilikataa kulia. Kifuta kioo kimoja kilikuwa kimekwenda zake zamani, na cha pili kilishikiliwa na kipande cha mpira. Taa moja ilimulika njia, nyingine ikamulika mbinguni. Usukani ulizungushwa weee kabla magurudumu hayajapata habari. Alipoulizwa breki ya mkono, Grégoire alishuka, akachomoa jiwe chini ya kiti chake, akalibana nyuma ya gurudumu kwa ustadi mkubwa.

"Hii ni nini?"

"Freni ya mukono, mama."

"Hii ni jiwe."

"Lakini ni jiwe muzuri. Nililitoa mbali, Salamabila."

Mama Consolée alivua miwani, akaipangusa, akairudisha puani. Kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo. "Nitaendesha mimi. Wewe, papa, keti pale."

Pale palikuwa kiti cha abiria. Grégoire alikizunguka kama mgeni, na ndipo alipong'amua kwamba tangu jipu liwe lake hajawahi kukikalia. Alijibanza, akavuta mlango, mlango ukagoma. Akauvuta tena, akaushikilia kwa kitambaa kilichofungwa hapo, kitambaa alichokifunga mwenyewe.

Wakateremka ule mteremko wa kuelekea sokoni. Kupitia tundu la sakafuni Grégoire aliona ardhi ikikimbia chini ya miguu yake. Penye kona mlango ukafunguka, ukamwonyesha mtaro, ukajifunga. Mbele alisimama mbuzi, ametulia, na Mama Consolée akakanyaga breki, nazo breki zikataka kubembelezwa kwanza, zikanyagwe mara mbili tatu. Alipokuwa kwenye usukani, mguu wa Grégoire ulizibembeleza siku zote bila yeye kujua. Huku upande wa pili mguu uleule ulikuwa ukikanyaga hewa. Aliogopa, jamani.

Mbuzi alipona kwa akili zake mwenyewe.

"Papa," alisema Mama Consolée jipu liliposimama, "unaimba?"

Kweli, alikuwa akiimba. Wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza, kwa sauti kubwa, mikono yote miwili imeng'ang'ania kitambaa. Akanyamaza ghafla. Falonne naye aliimba. Tangu utoto, kila walipokwenda Kabambare, aliketi kwenye kiti hikihiki akaimba kutoka Kasongo mpaka mwisho wa safari, na Grégoire aliwatangazia watu wote: huyu mutoto anapenda gari yangu, hachoki kuimba.

"Unataka kubeba nani ndani?" aliuliza Mama Consolée.

"Mutoto yangu," alijibu.

Mama Consolée hakumgombeza. Alimwambia tu arudi gari litakapokuwa gari.

Nyumbani alimkuta Falonne akichambua mchele. Akaketi karibu naye, kofia mikononi.

"Mama," alimwita binti yake kwa upendo, "zile nyimbo zako za mu gari. Ulikuwa unaimba sababu ya nini?"

Falonne alimtazama, akaangua kicheko, kisha akaona baba hacheki. "Papa, nilikuwa naogopa. Nikiimba, sisikii mulango."

"Na haukusema hata siku moja?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Grégoire aliona aibu, na wala hakujificha nayo. Alikwenda moja kwa moja kwa Kassimu, fundi wa kuchomelea vyuma, akamwambia afungue kila kitu. Kassimu aliposikia habari ya sabuni alicheka mpaka akaketi chini, halafu akaliondoa tanki, akalisafisha, akalichomelea. Walibadilisha pedi za breki, wakakaza usukani, wakatengeneza honi, taa na vifuta kioo, wakaziba sakafu, wakapata breki ya mkono kwenye jipu lingine lililokufa nyuma ya karakana. Mlango ndio ulioshughulikiwa kwa muda mrefu kuliko vyote. Grégoire aliufungua na kuufunga hata Kassimu akamwomba apumzike.

Ijumaa Mama Consolée aliliendesha tena, Grégoire kando yake, kimya. Safari hii mbuzi hakuhitaji akili zozote. Karatasi ikapigwa muhuri, na lile jiwe la Salamabila akaliomba yeye mpimaji, aliweke juu ya karatasi zake zisipeperushwe na upepo.

Jumamosi wakaondoka. Nyuma walipanda Emilienne na Odile, pamoja na masufuria, mikeka na kuku wasioridhika. Mbele aliketi Falonne na gauni lake jeupe. Penye kizuizi walipita kwa vigelegele. Wakashuka kwenye kijito cha kwanza, wakapanda, wakayumba kwenye mashimo, maana njia yenyewe hakuna aliyeipima. Tutafika lilinguruma kwa adabu.

Grégoire alitega sikio. Hakusikia wimbo. Alisubiri mteremko mkubwa, ule ambao zamani ulimtoa Falonne ubeti mzima bila kupumua, akakanyaga breki, breki zikaitika palepale. Bado kimya. Akageuza shingo kidogo kumtazama.

Falonne alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, shela limemwangukia puani, na mikono yake imelegea mapajani.