Kalamu Tatu za Masele

Jina la Ndalahwa lilikuwa limebandikwa hadharani mara moja tu tangu azaliwe: kwenye geti la kiwanda cha pamba, katika orodha ya waliopunguzwa kazi. Alilisoma mara mbili, akarudi zake Mkuyuni, akaishika kazi ya marehemu baba yake. Mzee yule alikuwa akiwachongea Bagalu, wacheza ngoma wa Kisukuma, sanamu za mti zenye viungo. Ukivuta kamba, sanamu inainua mkono na kuwakebehi wapinzani, Bagika, mpaka wanasahau nyimbo zao.

Kwa hiyo Masele, mratibu wa maonyesho ya sanamu za kisasa, alipokuja na zile kalamu zake tatu mfukoni mwa shati, Ndalahwa alimsikiliza kwa masikio yote mawili. Sanamu zingesimamishwa katika bustani ya ufukweni, ile ya tangu enzi za Mjerumani. Kila moja ingekuwa na kibao chake, na juu ya kibao jina la mchongaji.

"Jina langu?"

"La nani tena, ngosha?"

Miezi minne Ndalahwa alichonga watu wawili wa mninga: mama mwenye mfuko kiunoni, na bwana mmoja kando yake. Mgongoni mwa bwana akamvika bati pana kama joho. Upepo wa ziwa ukilisukuma bati, mkono unainuka kusalimia. Hakuna kamba. Baba yake angecheka mpaka akohoe.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, Masele akaleta kibao. Adventina, mke wa Ndalahwa, ndiye aliyekisoma kwa sauti: "Mchongaji: M. K. Masele."

"Hapo pamekosewa," Ndalahwa akasema.

"Hapajakosewa." Masele alisema polepole, kama anayempa pole mfiwa. "Wafadhili wanataka mtu mwenye cheti. Unacho? Wewe umetoa mikono tu, ngosha. Kichwa ni changu."

Adventina akasonya, sonyo refu la kutoka Bukoba mpaka Mkuyuni. Ndalahwa akatabasamu. Mtu akipunguzwa kazi huku ana watoto watano, hujifunza kutabasamu kama paka anavyojifunza kutulia mbele ya tundu la panya.

"Sawa, bosi. Niachie sanamu mpaka kesho niipake mafuta."

Masele alipoondoka, Adventina akashika kiuno. "Baba Justa! Umekubali?"

"Nimekubali kupaka mafuta. Nipe patasi ile ndogo."

Akakigeuza kiungo cha bega. Akachonga kalamu tatu kifuani mwa yule bwana. Kisha akatoboa tundu begani, akachomeka pini ya mpingo. Pini ikiwamo, mkono hautikisiki. Ikitoka, mwenye mkono ni upepo.

Kesho yake Masele aliziona kalamu, akajipapasa kifua kwa furaha. "Hee! Kumbe umenikumbuka! Ila hilo tumbo ungelipunguza kidogo."

"Mti umeshakauka, bosi."

Ufunguzi ulipangwa saa tatu asubuhi, wakati ziwa limelala kama uji uliopoa. Lakini nani Mwanza hamjui mgeni rasmi? Wa saa tatu hufika saa nane, na saa nane upepo wa ziwa umeshaamka, umeshanawa uso. Magari yalipoonekana, Ndalahwa akaisogelea sanamu na kitambaa, kama anayefuta vumbi, akachomoa pini, akaenda kukaa juu ya jabali na muhogo wake wa kuchoma.

Masele akashika kipaza sauti. "Kazi hii, ndugu mgeni rasmi, nimeichonga kwa mikono yangu..."

Upepo ukaja. Bati likalia. Mkono wa bwana mwenye kalamu tatu ukashuka taratibu, ukaingia mfukoni mwa yule mama. Ukatoka. Ukaingia tena.

Halafu mwanamke mmoja mwuza dagaa akapiga kigelegele. "Jamani, Masele kajichonga mwenyewe!"

Bustani nzima ikapasuka kwa kicheko. Mgeni rasmi akajifuta machozi. "Bwana Masele, isimamishe basi, tupige picha."

Masele akaudaka mkono wa mti. Mkono ukamburuta, ukamwingiza naye mfukoni mpaka kwenye kiwiko. Akatafuta mgongoni, akatafuta miguuni. Mwishowe akaja mpaka kwenye jabali, jasho linamtiririka.

"Kaka Ndalahwa. Inasimamaje?"

"Unaniuliza mimi? Si kichwa ni chako?"

"Nisitiri, kaka."

"Kaseme ukweli kwenye kipaza. Halafu kibao, ukiandike kwa kalamu zako hizo."

Masele akatazama nyuma. Mkono ulikuwa ukiingia mfukoni kwa mara ya ishirini, na watu walikuwa wakiuhesabia kwa sauti. Akarudi kwenye kipaza. Alisema kwa sauti ndogo, wakamrudisha, akasema tena kwa kubwa: mchongaji ni Ndalahwa wa Mkuyuni. Akalifuta jina lake kwenye kibao kwa wino, akaandika lile lingine. Kalamu ya kwanza ikakauka njiani, akachukua ya pili.

Ndalahwa akasimama mbele ya kibao, akalisoma jina lake mara mbili. Kisha akaokota jiwe, akaenda begani mwa sanamu, akangoja. Mkono ulitoka nje, ukaning'inia.

"Hapo hapo!" Masele akanong'ona. "Funga hapo, kaka."

Ndalahwa aliuacha ushuke. Ulipozama mfukoni mpaka kwenye kifundo, akaigongomea pini kwa mapigo matatu, ikadidimia ndani ya mti pasipo koleo la kuifikia.

"Tayari kwa picha," akasema. "Bosi, sogea karibu. Simama naye."