Sentensi za Mlangoni

Burulcha alikuwa amefundisha jiografia miaka ishirini na miwili pale mjini Naryn, na kila siku kipindi chake kiliisha vile vile: kengele inalia, watoto wanabeba mikoba, naye anaipigia kelele migongo yao, "Kazi ya nyumbani, ukurasa wa arobaini!" Darasa la jirani, kwa Meerim, mwalimu wa juzijuzi tu, dakika tano kabla ya kengele kulikuwa kumetulia. Watoto walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia mwalimu mlangoni jambo moja alilolielewa, au lililomshinda. Burulcha aliyasikia yote hayo. Wivu ukamshika.

Sasa watu wa idara ya elimu walikuwa wanakuja kutazama somo la wazi la kila mmoja wa walimu hawa wawili, na mmoja tu ndiye angekwenda mji mkuu, Bishkek, kwenye mashindano ya walimu.

"Aende yule mtoto?" alimfokea mumewe. "Kwa lipi? Kwa kusimama mlangoni?"

Hata hivyo mlango wenyewe akauiba. Somo la wazi halikosi mazoezi, kila mwalimu analijua hilo, basi akalifanyisha darasa mazoezi siku tatu, kila mtoto na sentensi yake ya kutokea.

Siku ilipofika, mkuu wa shule, ambaye hawezi kuona mgeni ana njaa, aliwakalisha wageni kwenye chai na maandazi mpaka kipindi karibu chote kikapotea. Walipoingia, Meerim akaja nao, akakaa nyuma. Burulcha akaandika "Ziwa Issyk-Kul", akachora ramani, akatazama saa. Zimebaki dakika tano! Mwisho wake ule hakuwa tayari kuukosa. Akaenda kusimama mlangoni.

"Haya wanangu, mmoja mmoja."

"Leo nimeelewa kwamba Issyk-Kul haligandi kwa sababu lina chumvi."

"Leo nimeelewa kwamba haligandi kwa sababu kina chake ni kirefu."

Wageni wakatazama ubao. Palikuwa na jina la ziwa na ramani tu. Wa mwisho kutoka alikuwa Aizirek, aliyekuwa kitandani na matubwitubwi siku zote za mazoezi.

"Mwalimu, mimi sijaelewa kitu. Hawa wenzangu umewafundisha saa ngapi?"

Mgeni mkubwa akafunga daftari lake. Meerim aliinamisha macho, hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Burulcha zaidi. Si bora angecheka, Burulcha apate kumchukia vizuri!

Wageni wakarudi kwenye chai. Burulcha akamrudisha Aizirek kwenye dawati, akamweleza habari za chumvi na kina, na jinsi maji mengi yanavyochelewa kupoa. Mtoto akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Mapumziko yote yakaishia hapo. Alipofika mlangoni akageuka, bila kuambiwa na mtu.

"Kumbe baridi inaisha kabla ziwa halijapoa! Leo nimeelewa, Mwalimu."

Machozi yakamlenga Burulcha. Akachungulia nje: Meerim alikuwa anapita na vikombe vya wageni.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Kwa sauti."