Mara Tatu, Kuanzia Kushoto

Rozenn alikuwa na muda hadi Ijumaa saa nne asubuhi aamue kama watauza nyumba yao ya Brest, kaskazini, wakazeekee Nîmes, kusini kabisa mwa nchi. Mumewe, Goulven, alikwisha kuamua tangu majira ya baridi. Fleti aliipata mtandaoni: vyumba vitatu, ghorofa ya pili, dirisha likitazama miti ya bustani ya Fontaine.

"Mji wenyewe sijawahi kuukanyaga," Goulven alimwambia. "Twende tukakae wiki nzima, tutembee bila haraka. Ukiupenda, tunasaini. Usipoupenda, yameisha."

Basi wakatembea bila haraka. Jumapili walikaa juu kabisa katika uwanja wa Warumi, kwenye mawe yaliyochomwa na jua, mpaka makalio yakakataa. Jumatatu walipanda hadi mnara wa Magne, wakatazama mapaa ya vigae na kubishana ni lipi la hoteli yao. Jumanne hawakufanya lolote zaidi ya kuangalia samaki wanene wa bustanini wakizunguka majini kama wastaafu wenzao. Rozenn alifundisha hesabu miaka thelathini na sita, na mji huu aliupima vile alivyokuwa akisahihisha mitihani, bila chuki wala upendeleo, akingoja jumla. Kufikia Jumanne jioni mji ulikuwa umefaulu. Hakusema. Alipanga kumwambia Goulven kesho yake wakati wa chakula cha mchana.

Jumatano adhuhuri waliingia soko la ndani. Goulven akaongoza moja kwa moja hadi kwenye baa ndogo iliyobanwa kati ya muuza jibini na muuza zeituni.

"Tujaribu hapa," alisema. "Panaonekana pasafi."

Mwenye baa, mwanamke mwenye mikono minene ambaye kila mteja alimwita Magali, alitoka nyuma ya kaunta na sahani mbili, akaziweka kwa watu wengine, kisha akamgeuzia Goulven shavu kwa busu la salamu. Goulven akainama. Shavu la kushoto, la kulia, la kushoto tena. Mara tatu, laini, bila pua kugongana.

Magali akamgeukia Rozenn. Rozenn akagusa shavu la kulia mara moja, akarudi nyuma, akamwacha mwenzake ananing'inia hewani na midomo imetangulia.

"Mara moja tu, mama?" Magali akacheka. "Huko kwenu hata mabusu mnayapima kwa mizani?"

"Huko kwetu ni mara moja," Rozenn alisema.

Naye alikuwa akimtazama Goulven. Watu wa Brest hugusana mashavu mara moja, tena huanzia kulia. Hata kwa dada yake anayeishi Lyon, ambako ni mara mbili, Goulven huchanganyikiwa kila Krismasi, akaishia kubusu sikio la mtu. Mwili wa mtu wa Brest haujui mara tatu kuanzia kushoto. Hujifunza, na haujifunzi kwa siku nne za kuzungukazunguka na mkeo.

Walikula chewa wa chumvi aliyepondwa kwa mafuta ya zeituni. Rozenn alimaliza sahani yake, akapangusa mafuta kwa mkate.

"Umekuja mara ngapi?" aliuliza.

Goulven hakujifanya hajasikia. Hilo Rozenn alimhesabia.

"Mara nne."

"Zile kozi za kazini, kabla hujastaafu. Zile ulizosema ni za Rennes."

"Mbili zilikuwa za kweli. Hizo nyingine nne hazikuwepo."

"Ni huyu Magali?"

"Magali?" Alishtuka kiasi cha kuonyesha kwamba kweli si Magali. "Magali ana mume na wajukuu saba. Hakuna mtu, Rozenn. Nilikuwa nakodi chumba. Nalala, naamka, nakuja hapa kula. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi wala narudi lini."

"Mimi nakuuliza hivyo?"

"Kila siku, mke wangu."

Rozenn aliifikiria kauli hiyo. Ilikuwa kweli. Angekuwepo mwanamke, angejua la kufanya. Wanawake wengi aliowajua walikwisha kulifanya na kulisimulia. Lakini mumewe alikuwa amemkimbia ili awe peke yake, kisha akaja kumpa mahali pale pale pa kukimbilia kama zawadi.

"Kwa nini unilete huku kwako?" alisema.

"Nilichoka kuwa na furaha mahali ambapo wewe hupo." Goulven aligeuzageuza uma. "Najua linavyosikika."

"Linasikika kama mtu aliyenidanganya miaka miwili."

"Naam."

"Mlete huyo mkeo kila siku, mtu wa Brest," Magali alisema akipita na kuchukua sahani. "Huyu anamaliza chakula. Wewe unaacha."

Alhamisi asubuhi Rozenn alimsindikiza Goulven hadi stesheni. Begi lilikuwa moja, la Goulven; Rozenn alikuwa anabaki.

"Na kesho saa nne?" Goulven aliuliza.

"Nimempigia dalali. Nimesogeza hadi Ijumaa ijayo. Wewe uliutazama mji peke yako mara nne ndipo ukaamua. Mimi nimeutazama ukiwa umenishika mkono. Sitasaini kwa macho yako."

"Nikupigie jioni?"

"Usinipigie. Nitakapojua, utajua."

Goulven alipanda behewani. Rozenn hakungoja treni iondoke. Alishuka ngazi za stesheni, akasimama barabarani chini ya jua, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ikambidi achague mwenyewe aelekee wapi. Akachukua upande ambao Goulven hakuwahi kumpitisha.