Shokapu Mpya za Pikipiki ya Baba Jonas

Mume wangu alifia kwenye barabara ya Karema, amebeba magunia ya dagaa kwa pikipiki, shokapu za nyuma zimechoka kabisa. Mwanetu Jonas alipotaka kuirudia kazi ileile kwa pikipiki ileile, nilimwambia kwanza twende kwa fundi Yunusi afungiwe shokapu ngumu.

"Hizi hata apande kiboko wa Katavi hazilali, mama," fundi akacheka.

Nikazinyunyizia maji ya baraka, na matairi pia.

Asubuhi ya safari pikipiki ilisimama uani, haina mtu wala mzigo. Nikaona nyuma inashuka polepole, springi zikalia, kama zilivyolia kila alipokaa baba yake Jonas.

"Baba Jonas, shuka," nikasema. "Umeniachia mtoto huyu mmoja tu."

Haikuinuka.

Jonas akatoka na helmeti. "Mama, unaongea na nani?"

"Nasali. Leo tunakwenda wote."

"Karema? Na hayo magoti yako?"

Nikapanda mimi nyuma, ile nafasi isibaki wazi. Ndipo nikakumbuka kwamba kiti sikukinyunyizia. Kilikuwa cha moto kama kilichokaliwa, na nilipokaa, shokapu hazikushuka hata kidogo.