Majalada ya Vibanda

Kanuni ilikuwa haina kona: jalada lililopitisha muda wake wa kutunzwa lisomwe kwa sauti, shahidi aitikie, ndipo liende motoni. Karani wa masijala aliiona kuwa kanuni ya watu waliokosa kazi ya kufanya, mpaka siku ile ya kuteketeza leseni za vibanda vya zamani. Alisimama mlangoni, tanuri la matofali likiwaka uani mbele yake, rafu tupu zikiwa nyuma.

"Fundi viatu, pembeni ya choo cha stendi," alisoma.

"Nipo," ikajibu sauti kutoka kwenye rafu.

"Muda umekwisha," akasema shahidi, afisa mwenye kipara aliyependa kugonga mihuri hata mkewe akawa anamwita Muhuri.

Karani aligeuka. Ndani hamkuwa na mtu. "Umesikia hiyo sauti?"

"Nimesikia njaa tu. Soma, bibie, tumalize."

Fundi viatu alikuwa marehemu. Karani mwenyewe alikwenda kumzika. Akaja muuza mkaa, naye marehemu, akaitika kama mtu aliyekatizwa usingizi. Fundi cherehani, aliyemshonea sare juzi juzi na kumkosea mikono yote miwili, hakuitika. Muuza magazeti, waliyesalimiana naye getini asubuhi hiyo hiyo, kimya. Kinyozi aliyekufa kwa homa: "Nipo." Karani akaanza kuelewa. Waliokufa walikuwa wanaitika, walio hai hawaitiki.

Na katika rundo lile mlikuwa na jalada la mumewe.

Mumewe alikuwa fundi saa. Aliaga anakwenda kununua vipuri, na tangu hapo hakuonekana, si hospitali, si polisi, si mochwari. Karani alibaki na mama mkwe wake nyumba moja, pete kidoleni, akiwafukuza wachumba mmoja baada ya mwingine. Sasa kila jalada lile lilipomfikia mkononi, alilisukuma chini ya mengine.

"Mbona unachanganya kama karata?" Muhuri akamtania.

Hatimaye likabaki peke yake. Karani akajikaza kisabuni. Asiitike, Mungu wangu, aliomba, asiitike tu, mengine yote nitayavumilia.

"Fundi saa, mkabala na posta."

Alisubiri. Akageuza shingo, akatega sikio kuelekea rafu, roho mkononi. Kimya. Akasoma tena, kwa nguvu zaidi. Kimya kabisa.

Moyo ulimruka kwa furaha. Alitaka kumbusu Muhuri kwenye kipara chake, alitaka kutimua mbio hadi nyumbani akapige kelele, "Mama, yu hai!" Alikwisha kupiga hatua alipoganda.

Yu hai. Basi mahali fulani anakula na kushiba. Analala, anaamka, anatengeneza saa za watu. Akili anazo, miguu anayo, na njia ya nyumbani haijahamishwa.

Aliwahi kumlilia mtu huyu mpaka sauti ikamkauka.

"Muda umekwisha," akasema Muhuri. "Haya, tupa."

Alilitupa kwa hasira hata cheche zikamrukia.

Jioni alimkuta mama mkwe jikoni akipepeta mchele. Alimpokea ungo taratibu, akaketi karibu naye, akamwambia kwamba mwanawe amekufa. Wakakumbatiana, wakalia wote wawili, na machozi ya karani hayakuwa na hila hata kidogo.